Mtanzania mwenye viza ya kazi anaweza kupiga kura Reading? Na kwa nini manispaa hiyo inachagua madiwani karibu kila mwaka?

Swali: *Naishi Whitley, Reading, huu ni mwaka wangu wa pili. Nafanya kazi ya kutunza wazee kwa viza ya kazi, na pasipoti yangu ni ya Tanzania. Nimeletewa barua ya halmashauri inayotaka majina ya watu wa nyumbani kwa ajili ya daftari la wapiga kura. Mume wangu, ambaye ni Mkenya, anasema tusiijibu, tutaharibu viza zetu. Tunakaa na dada mmoja wa Bukavu, naye hajui kama inamhusu. Halafu jirani anasema hapa wanapiga kura karibu kila mwaka, wakati nyumbani tunachagua diwani mara moja kwa miaka mitano. Naomba nieleweshwe.*

Jibu:

Dada, ijibu barua hiyo wiki hii. Wewe na mumeo mna haki ya kupiga kura Reading, na haki hiyo ni kamili. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, huandikishwa sawa na Mwingereza, kwa uchaguzi wa halmashauri na hata wa Bunge. Kinachotakiwa ni awe na ruhusa ya kuingia au kukaa nchini, na sheria haibagui aina ya ruhusa: ya kazi, ya masomo, ya mwenza, ya muda au ya kudumu, zote zinatosha. Tanzania, Kenya na Uganda zimo, na Rwanda imo tangu 2009. Kujiandikisha hakuvunji sharti lolote la viza. Kosa la jinai ni kutoa taarifa za uongo kwenye fomu, na adhabu yake inaweza kuwa faini au kifungo cha hadi miezi sita.

Dada wa Bukavu hali yake ni tofauti, na ni bora aambiwe waziwazi. Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, Burundi haimo, Oman haimo. Hata akiwa na hadhi ya ukimbizi na makazi ya kudumu, hapigi kura mpaka apate uraia wa Uingereza. Kuna mlango mmoja ambao Wakongo waliopitia Ulaya huusahau. Mwenye pasipoti ya Ubelgiji au Ufaransa aliyekuwa akiishi Uingereza kihalali tangu kabla ya mwisho wa 2020 bado anachagua madiwani wa Uingereza, ingawa Bunge hapana. Aliyefika baada ya hapo hana haki hiyo, isipokuwa pasipoti yake ni ya Ireland, Malta au Cyprus, au ya nchi tano zenye mkataba maalumu: Hispania, Ureno, Poland, Luxembourg na Denmark. Kama huyo dada ana pasipoti ya Kongo tu, msimwandike kama mpiga kura.

Barua yenyewe ni ya uhakiki wa kila mwaka. Halmashauri huwa inapitia nyumba zote kuanzia Julai hadi Novemba, kisha daftari jipya linatoka tarehe 1 Desemba. Barua ya kuhakiki kaya ikikutaka ujibu nawe ukakaa kimya, sheria inaruhusu faini ya hadi pauni 1,000. Lakini shika jambo hili, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza: kujibu barua ya kaya si kujiandikisha. Tangu 2014 kila mtu anajiandikisha mwenyewe. Mume hawezi kumwandikisha mke, wala mwenye nyumba hawezi kuwaandikisha wapangaji wake.

Kwanza, hakikisha uko manispaa gani

Wewe uko Whitley, na Whitley ni kata ya Reading, hakuna shaka. Lakini ndugu na marafiki wenye anwani inayosema Reading hawako wote chini ya Halmashauri ya Manispaa ya Reading. Mpaka wa manispaa ni mwembamba kuliko mji wenyewe. Anayekaa Earley, Lower Earley au Woodley yuko Wokingham. Wa Calcot au Purley yuko West Berkshire. Tilehurst imegawanyika: kuna upande wa Reading na upande wa West Berkshire. Hata eneo la Whiteknights la Chuo Kikuu cha Reading limekatwa na mpaka, sehemu Reading, sehemu Wokingham.

Hili lina madhara ya kweli. West Berkshire huchagua madiwani wote kwa pamoja kila baada ya miaka minne, mara ya mwisho ikiwa 2023. Kwa hiyo mtu wa Calcot akisubiri kituo kifunguliwe mwezi Mei kwa sababu rafiki yake wa Whitley amepiga kura, atasubiri bure. Angalia bili ya kodi ya nyumba inayotozwa na halmashauri (council tax, si kodi ya pango). Ikiwa imeandikwa Reading Borough Council, uko ndani. Au ingiza postikodi yako kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk, itakutajia halmashauri yako.

Kwa nini kura karibu kila mwaka

Jibu la swali hili limo ndani ya historia, na historia ya Reading inastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Mji ulikua chini ya kivuli cha abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, iliyoanzishwa na Mfalme Henry I mwaka 1121. Kwa karne nne abati, mkuu wa watawa hao, ndiye aliyekuwa bwana wa mji. Wafanyabiashara walikuwa na chama chao na ukumbi wao, lakini walivutana naye vizazi kwa vizazi juu ya soko, mahakama na nani awe mkuu wao. Mwaka 1539 Henry VIII aliivunja abasia, na abati wa mwisho, Hugh Faringdon, akanyongwa papo hapo mjini. Miaka mitatu baadaye, 1542, mfalme aliwapa watu wa mji hati ya kujiendesha. Hati nyingine ya Charles I, ya 1638, iliweka meya, wazee wa baraza 12 na wasaidizi 12. Kundi hilo halikuchaguliwa na wananchi. Mmoja akifa, waliobaki walimteua wa kujaza nafasi. Mambo yalikwenda hivyo kwa karibu miaka mia mbili.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Manispaa ya 1835, iliyozivunja serikali za namna hiyo katika miji 178 ya Uingereza na Wales, Reading ikiwemo. Sheria hiyo iliwapa kura wanaume wanaolipa kodi ya mji na waliokaa hapo muda wa kutosha. Diwani alipewa muhula wa miaka mitatu, na kila tarehe 1 Novemba theluthi moja ya madiwani walimaliza muda wao. Hesabu ni nyepesi: miaka mitatu, theluthi tatu, uchaguzi kila mwaka. Kusudi lilikuwa baraza lisibadilike lote kwa mkupuo mmoja, na wakati huohuo lisipate nafasi ya kuwasahau wananchi. Hapo ndipo desturi anayoizungumzia jirani yako ilipoanzia.

Kura yenyewe ilipanuka polepole. Kupiga kura kwa siri kulikuja 1872. Wanawake wasio na waume waliokuwa wakilipa kodi waliruhusiwa kupiga kura za mji tangu 1869, na mwaka 1907 sheria iliwaruhusu wanawake kuwa madiwani wa miji. Mwaka huohuo Edith Sutton, wa ukoo wenye kampuni ya mbegu za Suttons, aliingia katika baraza la Reading, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini kushika kiti hicho. Mwaka 1933 akawa meya wa kwanza mwanamke wa mji huo. Mwingine wa kukumbukwa ni Phoebe Cusden, meya wa 1946 hadi 1947. Vita vikiwa vimekwisha juzi tu, yeye alianzisha uhusiano wa mji wake na Düsseldorf, mji wa Ujerumani uliokuwa na njaa na mabomo. Uhusiano huo upo mpaka leo.

Mipaka nayo ilisogea. Mwaka 1889 Reading ilipata hadhi ya mji usio chini ya kaunti, ukiendesha wenyewe karibu kila kitu. Mwaka 1911 ilivuka mto Thames na kuichukua Caversham, iliyokuwa Oxfordshire, pamoja na sehemu kubwa ya Tilehurst. Tangu hapo mji umeendelea kujengwa nje ya mpaka, ndiyo maana leo Earley inaonekana Reading kwa macho na kwa anwani, lakini si Reading kwenye karatasi ya kura.

Mwaka 1974, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, mfumo wa nchi nzima uligeuzwa. Nafasi za wazee wa baraza zilifutwa, wakabaki madiwani wa kuchaguliwa tu. Reading ikashushwa ikawa wilaya ndani ya Kaunti ya Berkshire, na shule, barabara kuu na ustawi wa jamii vikahamia kaunti. Jambo linalotuhusu hapa ni muhula: diwani aliongezewa, akawa na miaka minne. Halmashauri iliyotaka kushika desturi ya theluthi ikawa na chaguzi miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa nne ukaachwa wazi kwa uchaguzi wa kaunti.

Kisha tarehe 1 Aprili 1998 baraza la Kaunti ya Berkshire lilivunjwa. Halmashauri sita zikagawana kazi zake: Reading, Slough, Wokingham, West Berkshire, Bracknell Forest, na Windsor and Maidenhead. Reading ikarudishiwa shule, ustawi wa jamii na barabara zake. Baraza la kaunti likaondoka, ila mwaka mtupu ukabaki. Kwa hiyo jirani yako yuko sahihi anaposema karibu kila mwaka: ni miaka mitatu kati ya minne. Mwaka 2025 haukuwa na uchaguzi wa halmashauri, na kwa ratiba iliyopo zinafuata chaguzi za 2026, 2027 na 2028, kisha mapumziko.

Mfumo huu una gharama, maana kila uchaguzi unataka vituo, wasimamizi na karatasi. Hata hivyo kwa mhamiaji una faida ambayo haisemwi vya kutosha. Ukikosa uchaguzi mmoja kwa sababu ya zamu au kuhama, husubiri miaka mitano. Na diwani wa kata yako anajua kwamba hata kama zamu yake haijafika, mwenzake wa chama kilekile atakuja mlangoni kwako Mei ijayo.

Baraza lilivyo leo

Hadi 2022 Reading ilikuwa na madiwani 46: kata 15 zenye madiwani watatu kila moja, na kata ndogo ya Mapledurham yenye mmoja. Mipaka ya kata ikachorwa upya, na sasa kuna kata 16, kila moja madiwani watatu, jumla 48. Kata hizo ni Abbey, Battle, Caversham, Caversham Heights, Church, Coley, Emmer Green, Katesgrove, Kentwood, Norcot, Park, Redlands, Southcote, Thames, Tilehurst na Whitley yako.

Mei 2022, kwa sababu ya mipaka mipya, viti vyote 48 viligombewa siku moja, na kila mpiga kura alikuwa na kura tatu. Halafu ilibidi madiwani watenganishwe ili theluthi zianze upya, na sheria ilifanya hivyo kwa idadi ya kura. Katika kila kata, aliyeshika nafasi ya tatu alipewa mwaka mmoja tu akarudi kwa wananchi 2023. Wa pili alikaa hadi 2024, na wa kwanza akapata miaka yote minne, hadi 2026. Katika mwaka wa kawaida karatasi yako itakuwa na nafasi ya kura moja tu. Mwenye kura nyingi anashinda hata kama hakufika nusu, na wawili wakilingana kabisa, mshindi hupatikana kwa bahati nasibu hapohapo.

Kwa upande wa vyama, Labour ilishika baraza kuanzia 1986 hadi 2008. Kisha ikafuata miaka minne isiyo na chama chenye wingi, ambayo ndani yake Conservative na Liberal Democrats waliongoza kwa ushirika, 2010 hadi 2011. Labour ikarudi na viti vingi 2012. Chama cha Green kilipata kiti chake cha kwanza 2010 katika kata ya Park, kikajenga kutokea hapo kata kwa kata. Hilo ni funzo zuri la jinsi mfumo wa theluthi unavyofanya kazi: chama kidogo huelekeza watu wake wote kwenye kata moja kila mwaka hadi kishike viti vyote vitatu.

Sasa tofauti na nyumbani. Kata ya Tanzania ina diwani mmoja wa kuchaguliwa, pamoja na wa viti maalumu katika baraza. Hapa una watatu, na unaweza kumwandikia yeyote kati yao hata kama ni wa chama usichokipenda. Nyumbani diwani huchaguliwa siku moja na Rais na mbunge. Hapa ni Alhamisi ya mwezi Mei, peke yake mara nyingi. Mkurugenzi wa halmashauri ya Tanzania huteuliwa na Rais. Mtendaji mkuu wa Reading huajiriwa na madiwani wenyewe. Meya wa Reading huchaguliwa na madiwani kila Mei kwa mwaka mmoja, na kazi yake ni ya heshima: kuongoza vikao vya baraza, kuhudhuria hafla, kupokea wageni, na kupiga kura ya uamuzi pande mbili zikilingana. Mwenye usukani wa kisiasa ni kiongozi wa baraza, anayetoka chama chenye wingi. Tangu 2013 Reading inaendeshwa kwa kamati zenye wajumbe wa vyama vyote kwa uwiano wa viti, hivyo hata diwani wa upinzani ana kura katika kamati inayoamua jambo lako.

Mambo gani yako mikononi mwao

Karibu yote yanayogusa nyumba yako: mapipa ya taka, barabara na maegesho, maktaba, vibali vya ujenzi, nafasi za shule, ulinzi wa watoto, nyumba za halmashauri, na huduma kwa wazee na walemavu. Hili la mwisho ni kazi yako ya kila siku. Bei ambayo halmashauri inakubali kulipa kwa saa moja ya huduma ya nyumbani hupangwa ndani ya bajeti ambayo madiwani hupitisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza Aprili. Mabasi ya Reading Buses nayo ni mali ya halmashauri, jambo lililobaki katika miji michache sana ya Uingereza.

Hospitali si yao, polisi si wao, viza si yao. Usipoteze miezi ukimwandikia diwani kuhusu maombi ya viza. Mbunge ndiye anayeweza kuuliza huko.

Na kwa kuwa mko kwa viza ya kazi, neno moja juu ya kodi ya nyumba. Viza yenu huenda ina sharti la kutotumia fedha za umma. Punguzo la kodi linalotolewa kwa wenye kipato kidogo linahesabiwa kuwa fedha za umma, msiliombe bila ushauri. Punguzo la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake halihesabiwi hivyo, na mwenye haki nalo alichukue bila hofu.

Kujiandikisha na kupiga kura, hatua kwa hatua

Ingia gov.uk, sehemu ya kujiandikisha kupiga kura. Uwe na namba yako ya bima ya taifa, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na anwani ya zamani kama umehama ndani ya miezi 12. Dakika tano zinatosha. Penye uraia andika Mtanzania. Usiandike Mwingereza kwa sababu unaishi hapa. Halmashauri inaweza kukuomba uthibitisho wa ruhusa yako ya kukaa. Ukiombwa, peleka mara moja, maana ombi lisilojibiwa haliingii daftarini.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapata tabu kituoni. Mtu ana majina matatu, kazini anatumia mawili, kwenye daftari kaandika la kwanza na la mume, na pasipoti ina la baba. Msimamizi ana uwezo wa kukubali tofauti ndogo, lakini jina tofauti kabisa litakurudisha nyumbani. Kama umebadilisha jina baada ya ndoa na pasipoti bado ya zamani, nenda na cheti cha ndoa.

Tangu Mei 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima kituoni. Pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubaliwa, kwa kuwa ni za nchi za Madola, na inakubaliwa hata ikiwa imekwisha muda mradi picha bado inafanana nawe. Kadi ya ukaazi yenye alama za vidole inakubaliwa kwa masharti hayohayo, kwa hiyo kadi iliyoisha muda mwisho wa 2024 usiitupe. Leseni ya udereva ya Uingereza sawa. Leseni ya Tanzania haikubaliwi, kadi ya NIDA haikubaliwi, kitambulisho cha kazini hakikubaliwi, na picha ya pasipoti iliyoko kwenye simu haikubaliwi. Mwenye pasipoti iliyoko ubalozini aombe cheti cha mpiga kura, ambacho hutolewa bure na halmashauri. Anayevaa nikabu ana haki ya kuonyesha uso faraghani, na akitaka aonwe na msimamizi mwanamke.

Tarehe za mwisho huhesabiwa kwa siku za kazi, kwa hiyo Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinarukwa. Kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, mwisho saa 6 usiku. Kuomba kura ya posta ni siku 11, mwisho saa 11 jioni. Cheti cha mpiga kura, na kuomba mtu akupigie kura, ni siku 6, nako saa 11 jioni. Chukua mfano wa Alhamisi 7 Mei 2026, ambapo Jumatatu ya 4 Mei ni sikukuu: daftari linafungwa 20 Aprili, posta 21 Aprili, cheti na uwakilishi 28 Aprili. Anayefikiri "wiki mbili kabla" huwa tayari amechelewa.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Ukiwa kwenye foleni saa 4 inapogonga, una haki ya kupiga kura. Kituo chako kimeandikwa kwenye kadi utakayotumiwa, na huwezi kupiga kingine hata kiwe karibu zaidi na kazini. Kadi hiyo si lazima kuibeba. Kitambulisho ndicho lazima. Weka alama ya X mbele ya jina moja, usiandike kingine chochote. Ukikosea, irudishe karatasi kabla hujaitumbukiza, upewe nyingine. Usipige picha humo ndani.

Kwa mtu wa zamu za saa 12, kura ya posta ndiyo inayofaa zaidi. Lakini kura za posta hukataliwa kwa makosa madogo kabisa. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kura na karatasi ya uthibitisho. Karatasi ya kura inaingia bahasha A na kufungwa. Bahasha A pamoja na uthibitisho zinaingia bahasha B. Kwenye uthibitisho unaandika tarehe ya *kuzaliwa*, nao watu wengi huandika tarehe ya leo. Saini lazima ifanane na ile uliyotoa wakati wa kuomba. Ukisaini kwa herufi kubwa leo na kwa mkato kesho, kura imepotea. Na wewe na mumeo msijaze mezani kwa wakati mmoja, maana uthibitisho wa mmoja ukiingia bahasha ya mwingine, kura zote mbili ziko hatarini. Bahasha inapaswa kuifikia halmashauri kabla ya saa 4 usiku siku ya kura. Ukichelewa posta, ipeleke kituoni ukajaze fomu fupi, lakini usiitumbukize kwenye sanduku la barua la ofisi za halmashauri, itakataliwa. Mtu mmoja haruhusiwi kupeleka bahasha za watu wengine zaidi ya tano. Ombi la kura ya posta hudumu hadi miaka mitatu, kisha unaomba upya.

Na ikiwa bosi amekuita kazini ghafla baada ya tarehe zote kupita, kuna uwakilishi wa dharura: unaweza kuomba hadi saa 11 jioni ya siku yenyewe, kwa sababu ya kazi au ugonjwa uliojitokeza baadaye, au kitambulisho kilichopotea. Uliyemteua ataonyesha kitambulisho chake mwenyewe, si chako.

Kugombea

Hukuuliza, ila swali hili hufuata daima. Hapa viza inahesabika. Raia wa nchi ya Madola anaweza kugombea udiwani ikiwa ana makazi ya kudumu au hahitaji ruhusa ya kukaa. Viza ya kazi ya muda haitoshi. Mtakapofikia hatua hiyo, mgombea awe na miaka 18, na awe ameandikishwa kama mpiga kura wa manispaa, au ameishi au kufanya kazi humo miezi 12 yote iliyopita. Asiwe mwajiriwa wa halmashauri hiyohiyo, asiwe amehukumiwa kifungo cha miezi mitatu au zaidi katika miaka mitano iliyopita. Hakuna dhamana ya fedha. Fomu inatakiwa kuwa na sahihi za wapiga kura wawili wa kata, na iletwe kwa mkono kabla ya saa 10 jioni, siku ya 19 ya kazi kabla ya kura. Anayetaka kusimama kwa chama anahitaji pia cheti cha chama cha kumruhusu kutumia jina lake. Cheti hicho kina mwisho uleule wa saa 10 jioni, kwa hiyo kishughulikie kabla ya kutafuta zile sahihi mbili.